Kahawa ya Ardis Tveit Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Jumapili ya tarehe 4 Mei, baada ya ibada ya kwanza, usharika wetu wa Vesterdal ulipoteza kahawa yake. Ardis Tveit alikuwa hospitalini akibadilishwa nyonga, na mimi, fundi wa jengo, nikapika badala yake. Nyonga imepona, lakini Ardis harudi. Tarehe 29 Juni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimamia jiko la kanisa.

Alianza mwaka 1994, enzi za kahawa ya kopo, nyepesi hata kitako cha kikombe kinaonekana. Mwaka 1997 mkutano wa usharika uliamua, kwa tofauti ya kura mbili tu, tununue kahawa ya biashara ya haki, ile inayomlipa mkulima bei nzuri, kutoka kwa ushirika wa wakulima wa milima ya Honduras. Kina mama wakaipika kama bibi zao walivyopika ile ya kopo: kahawa iliyosagwa, yai zima na ganda lake, vikakandwa pamoja ili machicha yashikane, na kutupwa kwenye maji yanayochemka. Mzee wa kanisa Orville Skaar alionja, akauliza kama paa linavuja, maana lami imeingia kikombeni. Watu wakaanza kuondoka mara tu baada ya baraka.

Ardis akafunga mlango wa jiko, akapika peke yake. Haukupita mwezi, Orville akaomba kikombe cha pili. Yeye aliyepiga kura ya hapana ndiye aliyekuja kuongoza kwa kuuza pakiti za kahawa hiyo pale mezani ukumbini.

Tangu hapo kahawa hupikwa mlango umefungwa. Mabomba ya jiko lile niliyafunga mimi bila malipo, na bado nilisubiri nje kama mgeni. Wapo waliosema anatumia yai la bata, wapo waliosema chumvi. Wabaya zaidi walinong'ona kwamba anachanganya na ya kopo. Nikapiga hesabu: pakiti zilizoingia na vikombe vilivyotoka vinalingana. Hachanganyi.

Mwaka 2009 alitutembelea don Eulogio, yaani mzee Eulogio, mmoja wa wakulima wenyewe. Mgeni huyo, Ardis alimwingiza jikoni. Alitoka anacheka peke yake, nikamuuliza kupitia mkalimani ameona nini.

"Ndugu yangu, nimeilima miaka arobaini, leo ndiyo nimeijua," alisema. "Kamuulize mwenyewe."

Nilimuuliza. "Duane, shughulika na mabomba yako," akanijibu, akanikatia kipande cha keki.

Basi mwezi Mei nilitia yai la kuku. Nikatia la bata. Nikatia na chumvi. Ukumbi ukabaki mtupu, na ukumbi mtupu hauuzi kitu: tulizoea pakiti sitini kwa mwezi, tukauza kumi na tisa. Baraza limeshasema tutaagiza kadiri tunavyouza, na kule Honduras akina don Eulogio wameshavuna.

Ardis, asante kwa kutufanya tukae baada ya ibada hadi tukajuana. Kiti cha kubembea ulichonunuliwa nimekikaza skrubu mwenyewe. Kikalie kwa amani, na uzee wako uwe mtamu. Lakini oda ya kahawa ya Honduras inafungwa Jumatatu tarehe 30, saa sita mchana. Kabla ya hapo nijibu waziwazi: unatia nini, na unatia wakati gani?

Usiniambie yai.