Mzee Nyamaza, Fundi Aliyeng'oa Pampu Yake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja wa marehemu, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Mimi ni dada yake, ninayemfuata kuzaliwa. Nimepewa kazi hii kwa sababu watoto wake wamesema hawataweza kusoma bila kulia, na familia nzima inaamini mimi nina moyo mgumu. Haya, nitasoma. Atakayeona nimesema mengi anivumilie, kama marehemu alivyonivumilia.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume kwa baba yetu, mlinzi wa ghala, na mama yetu, mkulima. Mama alitusimulia kwamba mvua ya mwezi ule ilikuwa ya kutisha, hata mkunga akavushwa mto akiwa mgongoni mwa baba, mkoba wake kichwani. Mto huo mmeupita leo asubuhi na magari yenu, mkidhani ni barabara ya mchanga.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kuanzia mwaka 1964. Kusema kweli hakuwa hodari wa vitabu, na mimi niliyefundishwa naye hesabu ni shahidi. Mikono yake ndiyo iliyokuwa na akili. Akiwa darasa la tano alifungua pampu ya baiskeli ya mwalimu mkuu, akaifunga tena, ikabaki nati moja mkononi. Pampu ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Mwalimu mkuu alimchapa kwanza, kisha akampa baiskeli nzima aishughulikie. Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fundi mitambo mwaka 1975.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya maji kuwa fundi wa pampu. Alizunguka vijiji vyote vya upande huu kwa pikipiki, spana zikigongana kwenye mfuko wa turubai. Kabla ya kugusa chochote, alishusha kisimani kamba yenye kikopo cha chuma mwishoni. Kikopo kikigusa maji hutoa mlio mdogo, na kwa kamba iliyoshuka unajua maji yako wapi. Watu wakiwa wanapiga soga yeye huinua mkono: "Nyamazeni kwanza." Basi watoto wakampa jina, wakimwona tu wanapiga kelele, "Mzee Nyamaza amefika!" Alikuwa hajatimiza hata miaka thelathini, lakini jina lilimganda. Idara ilipopunguza watu mwaka 1994 alifungua karakana nyuma ya nyumba yake. Spana zilining'inia ukutani kwa ukubwa wake, na ole wako uazime namba kumi na saba uirudishe kwenye msumari wa kumi na tisa.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na mkunga wa zahanati yetu. Walikutana kazini. Pampu ya zahanati iliharibika mara moja tu, lakini marehemu alirudi kuitazama kila wiki. Mganga mkuu wa wakati ule, mtu wa mzaha, akamwuliza, "Fundi, hii pampu inaumwa nini isiyopona?" Marehemu akasema inahitaji uangalizi wa karibu. Mkunga alikuwa dirishani, akacheka mpaka akaangusha beseni. Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba yao haikuwa na ukimya hata siku moja, pamoja na jina la baba mwenye nyumba.

Sasa nifike kwenye miaka hii, ambayo ningependa kuiruka lakini hairukiki.

Mvua za kwanza zilipokosa tulisema ni bahati mbaya. Zilipokosa tena tukasema mwakani. Siku hizi hakuna anayesema mwakani. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Ng'ombe walikufa wakiwa wameegemea uzio, na wenyewe hawakuwa na nguvu za kuwavuta. Visima vikaanza kushuka. Mwenye kisima alimwita marehemu, naye alikuja, akanyamazisha watu, akasikiliza, kisha akasema, "Tuongeze bomba, tushushe pampu." Maji yakatoka. Furaha! Mwezi mmoja baadaye jirani naye kisima kimekauka, anaita fundi, bomba linaongezwa, pampu inashuka chini kuliko ya mwenzake. Kisha yule wa kwanza anaita tena. Tulimsifu sana. Alikuwa akituzamisha mmoja mmoja, na sote tulikuwa tumeshika foleni kuzamishwa.

Kisima cha zahanati ndicho kilichokuwa kifupi kuliko vyote, na hakikuweza kuongezewa bomba; mwamba uko karibu pale. Kilikauka mwezi Februari mwaka jana. Kuanzia hapo mama anayekwenda kujifungua aliambiwa aje na dumu lake la maji. Wifi yangu alibeba maji kutoka kisima cha nyumbani kila alfajiri, na hayakutosha. Siku moja alikuja binti na uchungu umeshika, hana dumu, hana mtu. Wifi alimsafisha mtoto kwa maji ya dripu. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Leo nimemwosha mtoto kwa dawa ya mgonjwa mwingine." Marehemu alichukua kamba yake akaenda zahanati, akashusha kikopo mpaka mwisho. Mimi nilikuwepo. Kikopo kiligonga jiwe.

Mwezi uliofuata tuliitiwa mkutano katika ukumbi wa shule kujadili ukame. Mliokuwepo mnakumbuka. Afisa kutoka mjini alituonyesha picha ukutani, akasema haya yote ni mabadiliko ya tabianchi, yameletwa na nchi zenye viwanda. Kiongozi wetu wa dini akasema ni dhambi zetu, tumwachie Mungu. Mzee mmoja akasema hapana, ukame ulikuwepo tangu babu, huja na huondoka. Kila mmoja alipigiwa makofi, maana kila mmoja alituambia si kazi yetu.

Kisha akasimama mtoto wa kwanza wa marehemu, anayefanya kazi ofisi ya hali ya hewa. Alieleza kwa upole kwamba mzee hakukosea, ukame ulikuwepo zamani, ila joto limeongezeka, na hata mvua kidogo inayonyesha inanyonywa na jua kabla haijafika chini. "Ukame ungekuja," alisema. "Lakini huu umeongezewa makali, na walioongeza ni binadamu." Kisha akamgeukia baba yake mbele ya watu wote: "Baba, si pampu zako. Acha kujilaumu."

Marehemu akainuka. Hakuwa mtu wa mikutano. Alisema, "Mwanangu, nakuamini. Mvua siyo mimi niliyeizuia. Lakini maji yaliyokuwa chini, akiba ya siku kama hizi, yametolewa na nani? Hao wa viwanda siwajui, siwezi kwenda kuwagongea mlango. Pampu najua ziko wapi. Nimezifunga mwenyewe." Akaomba visima virefu vyote vinavyozunguka zahanati vifungwe, tuchote kwa zamu kisima cha shule, ili cha zahanati kipate kupumua.

Mwenye shamba la nyanya, rafiki yake wa toka utotoni, ndiye aliyejibu: "Fundi, na nyanya zangu nizimwagilie mate?" Watu wakacheka, na kicheko kile kikafunga mkutano.

Baba na mwana walibishana hadi mwisho. Mwana akisema baba anajitwisha mzigo wa dunia nzima, baba akisema mwana anauweka mzigo mahali ambapo hakuna anayeufikia. Mimi nadhani wote wawili walisema kweli. Kweli zao mbili hazikujaza hata kikombe.

Jumatatu iliyofuata marehemu alisimamisha nguzo tatu juu ya kisima cha nyumbani kwake, akafunga winchi, akaanza kung'oa pampu yake. Alikuwa tayari ameambiwa hospitali kwamba moyo wake umepanuka, asiinue kitu kizito. Wifi yangu alitoka jikoni akasimama mbele yake. Nitasema alivyosema, maana ameniruhusu.

"Baba watoto, maji haya ndiyo ninayowabebea wazazi. Ukifunga hapa nitabeba wapi?"

"Nitakubebea mimi, kutoka shuleni."

"Wewe? Na moyo huo?"

"Nikiwaambia wengine wafunge na changu kinatiririka, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mtu mwenye mke anayenawa mikono kabla ya kupokea mtoto!"

Aling'oa. Akapaka mabomba grisi akayapanga kando ya karakana, akafunika mdomo wa kisima kwa bamba la chuma. Na akabeba maji kama alivyoahidi, dumu moja moja kwenye toroli, jua likiwaka, watu wakimpungia mkono kutoka kwenye bustani zao. Kuna wiki moja maji ya zahanati yalipanda kidogo. Alikuja kwangu mbio, mtu mzima, akanisimulia mlio wa kikopo kama mtu aliyepata mjukuu. Wiki iliyofuata yalishuka. Mwanawe alisema pengine ilikuwa nasibu tu, kisima kimoja hakiwezi kupandisha maji ya eneo zima. Marehemu akasema, "Kweli, kimoja hakiwezi," akaenda tena kuwaomba wenye visima, nyumba kwa nyumba. Walimpa kiti, walimpa pole ya ugonjwa. Hakuna aliyefunga. Nina hasira nanyi. Niliambiwa nisiiandike sentensi hii, nami nimeiandika.

Mwezi wa Agosti mwaka huu miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Alilazwa hospitali kuu mara mbili. Mwenye shamba la nyanya alikwenda kumwona, akamletea nyanya. Marehemu alimwuliza, "Umezima?"

"Nitazima mvua ikinyesha."

"Mvua ikinyesha hata mtoto atazima," marehemu akasema, wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuwakemea. Rafiki alipotoka, kaka yangu aligeukia ukutani, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike baba, na wala sikujua nishike wapi.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 2 Oktoba, saa moja asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono. Kisima cha zahanati bado ni kikavu. Sitawadanganya kwa kuwa tuko msibani.

Jambo moja limebaki. Tangu juzi nyumba hii imejaa watu, na watu wanahitaji maji. Tanki mlilolikuta mlangoni, mliponawa na kunywa, limeletwa na mwenye shamba la nyanya, limejazwa kutoka kisima chake. Pampu ile ilifungwa na marehemu, na ndiyo aliyoomba sana izimwe. Lilipofika, wanawe walitaka lirudishwe. Wifi yangu alikataa. Alisema mgeni hawezi kulazwa na kiu kwa sababu ya ugomvi wa mwenye nyumba, akamshukuru aliyelileta, na alimshukuru kwa moyo. Kisha akaniomba niwaambieni maji yale yametoka wapi, ili kila aliyekunywa ajue amekunywa nini. Basi nimewaambia. Nami nimekunywa.

Amesema pia kwamba winchi na zile nguzo tatu ziko karakana. Haziuzwi. Atakayetaka kung'oa pampu yake aje aazime, hata kesho, na mwana wa pili, aliyejifunza kazi kwa baba yake, atakwenda kumsaidia. Zahanati ina kina mama wanaotarajia kujifungua mwezi huu. Wifi anarudi kazini Jumatatu. Mjamzito aje na dumu lake.

Marehemu ameacha mjane mmoja ambaye ni mkunga, watoto watatu, yaani mtaalamu wa hali ya hewa, fundi wa pampu, na binti aliye mwalimu wa chekechea, wakwe wawili, wajukuu wanne, dada wawili wakubwa na mimi mdogo wake, na marafiki, wote hawa mnaowaona.

Kaka, umebeba vya kutosha. Shusha mzigo, upumzike kwa amani. Uliotuachia tumebaki nao.