Wakili Mmoja kwa Kaunti Tatu: Risala ya Majirani wa Ashbell

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jaji mstaafu Constance Ledbetter, mwenyekiti wa tume ya jimbo inayopanga mawakili wa utetezi wa umma, wale wanaolipwa na serikali kuwatetea wasio na fedha za wakili. Mchungaji Tillery, mwenyeji wetu. Wakili wetu Bi. Imogene Hatcher, ambaye leo tumemkatalia kukaa nyuma. Mabibi na mabwana:

Makaribisho

Karibu Ashbell, mama. Tunasikia umeshakula hotelini. Hilo halituhusu. Kambare yuko kwenye mafuta, mkate wa mahindi umeiva, na akina mama wa jikoni wanasema mgeni asiyerudia sahani ataombewa kwa jina Jumapili.

Sisi ni nani

Sisi ni watu tuliowahi kusimama kizimbani, pamoja na mama zetu, wake na waume zetu. Tulianza miaka sita iliyopita kwa kupeana lifti kwenda mahakamani, maana kulikuwa na watu waliofungwa kwa sababu gari lilikataa kuwaka siku ya kesi. Wakati huo haki za mshtakiwa tulizijua kama wengi wetu tunavyoujua wimbo wa taifa: mstari wa kwanza kwa sauti kubwa, iliyobaki ni kuguna. Aliyetufundisha beti zilizobaki ni Bi. Imogene.

Mafanikio

Mheshimiwa, tuliambiwa tuorodheshe. Tumeamua kusimulia moja tu.

Delmar Pickens alikuwa mkata minofu kwenye kiwanda cha kambare. Mapema mwezi Machi duka la zana za shamba liliibiwa misumeno ya injini na jenereta. Mwezi uliofuata wapelelezi walimkuta Delmar barazani kwake, wakamchukua. Wakamsomea kwamba ana haki ya kunyamaza na haki ya kuwa na wakili. Delmar akawasikiliza vizuri, kisha akasema, "Basi nataka wakili."

Mpelelezi akacheka. "Wakili wa nini, kaka, kama hujafanya kitu?"

Alisema tena. Akasema mara ya tatu. Walimkalisha tangu asubuhi hadi jioni, swali lile lile, chumba kile kile. Delmar ni mtu mpole. Hajawahi hata kugombana na jirani kwa ajili ya kuku. Mwishowe aliweka sahihi kwenye karatasi inayosema ameiba, ili tu wanyamaze.

Bi. Imogene alipata jalada lake siku kumi na tisa baadaye. Aliomba kanda ya mahojiano, akaisikiliza yote ndani ya gari lake, akila dagaa wa kopo kwa biskuti, akahesabu: nataka wakili, mara tatu. Jaji naye aliisikiliza, akaitupilia mbali ile karatasi ya kukiri. Mtu akishaomba wakili, maswali yanakoma. Katiba haijasema yakome baada ya chakula cha mchana.

Ndipo upande wa mashtaka ukaleta ofa. Delmar akikiri kosa dogo, anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Akikataa, arudi jela kungoja kesi, na akishindwa ni miaka minane.

Mama yake, Bi. Idella, alikuwa na miaka themanini na moja, na figo zake zilikuwa mbovu. Delmar alisimama kwenye korido ya mahakama, pingu mikononi, akamuuliza wakili wake, "Ungekuwa wewe, Bi. Imogene, ungefanyaje?"

"Mimi si wewe, Delmar. Kesi naweza kukupigania. Uamuzi huu ni wako peke yako. Si wangu, si wa jaji."

"Mama anaweza kufa nikiwa ndani."

"Anaweza. Siwezi kukuahidi kwamba hatakufa. Mpigie."

Akampigia. Bi. Idella hakungoja amalize.

"Nani kakwambia mimi nakufa wiki hii? Nina maharage ya kumenya hapa! Uliiba?"

"Hapana, mama."

"Basi usiniletee jina la mwizi mlangoni kwangu eti umekuja kunisalimia. Nitakungoja. Mimi ni mvumilivu, nilikubeba wewe miezi kumi."

Delmar alirudi jela. Alikaa miezi mitano. Kazi ya kiwandani ilikwenda, na mjukuu wake wa kwanza alizaliwa, naye Delmar akamwona kwenye picha tu.

Siku ya kesi, mlinzi wa duka alisimama akasema alimtambua mwizi kwa jinsi alivyochechemea. Delmar anachechemea kweli. Watu wote ukumbini waliona alipoingia. Bi. Imogene akasimama, maana mshtakiwa ana haki shahidi aulizwe mbele yake.

"Una uhakika alikuwa anachechemea usiku ule?"

"Uhakika kabisa, mama. Mguu wa kushoto."

Akampa jaji cheti cha hospitali. Delmar alivunjika kifundo cha mguu kiwandani tarehe kumi na tisa Machi, wiki mbili *baada ya* wizi. Mlinzi akatazama viatu vyake. Kisha akasema polepole kwamba kabla hajaandika maelezo, wapelelezi walimwonyesha Delmar akitembea kwenye ua wa kituo.

Wananchi kumi na wawili walioitwa kusikiliza kesi na kuamua walitoka, wakarudi kabla kahawa haijapoa. Hana hatia. Bi. Idella alimshika mwanawe masikio yote mawili, kama anavyoshikwa mtoto wa miaka minne, akasema, "Umekonda. Twende."

Watatu kati ya wale kumi na wawili leo ni wanachama wetu. Mmoja ndiye anayekaanga kambare.

Changamoto

Mheshimiwa, Bi. Imogene ni mmoja na kaunti ni tatu. Majalada yake yanaishi kwenye buti la gari. Anazungumza na wateja koridoni, karibu na mashine ya soda, na siri ya mtu inasikika kwa kila mwenye kiu. Hatulalamiki juu yake, tunamwonea huruma. Mwezi uliopita alisinzia akiwa amesimama. Tumesikia pia kwamba tume inafikiria kumwongezea kaunti ya nne.

Maombi

Tunaomba wakili wa pili. Tunaomba chumba chenye mlango unaofungika. Bi. Imogene alituonya tusimwombee chochote yeye, nasi tumemtii, isipokuwa likizo.

Na kuna moja ambalo halikuwemo kwenye karatasi tuliyokutumia. Kwenye jela ya kaunti, hatua mia mbili kutoka hapa, kuna mwanamke anayeitwa Rosetta Gaines. Leo ni siku yake ya sitini na tatu, na hajaonana na wakili yeyote. Hatujui kama alifanya au hakufanya. Si kazi yetu kujua. Tulipomtembelea jana kumweleza kwamba unakuja, hakutuomba tukwambie hana hatia. Alituuliza kama tunaweza kulitaja jina lake mbele yako.

Rosetta Gaines, Mheshimiwa.

Mungu akulinde barabarani, akupe usingizi mwema na moyo usiotulia. Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Majirani wa Mahakama, Kaunti ya Ashbell