Mgeni Katika Tangi la Kapteni

Benchi la Bu Lastri, mama muuza kahawa wa pale uchochoro unapokata kona kwenda msikitini, lina mguu mmoja wa tofali, na anayekaa upande huo hatakiwi kucheka sana. Jioni hiyo alikaa hapo Sodikin, ambaye kitongoji kizima hapa Surabaya kinamwita Chumvi, kwa sababu ndiye anayewakorogea wafuga samaki maji ya bahari kwenye mapipa. Cheko hakuwa nalo. Upande wa pili alikaa Kapteni, mpishi wa meli aliyerudi jana baada ya miezi mitatu, na katikati yao Redio, mnyoa nywele asiyezimika. Kapteni alikuwa akimimina kahawa kwenye kisahani na kuipuliza, na alikwishatangaza: glasi ikibaki machicha, anakwenda nyumbani kumvua samaki mgeni aliyemo kwenye tangi lake ampe paka.

Kapteni: Nilimwachia Chumvi samaki chui mmoja. Mmoja tu! Mweupe, madoa meusi. Manis wangu, bibie mtamu! Mnajua nilivyohangaika naye?

Redio: Tunajua, Cak, kaka yetu. Alijifukia mchangani, ukamwombolezea.

Kapteni: Akatoka, akagoma kula. Wenzake wote hufia hapo! Nikambembeleza mpaka akazoea kuja kuning'ata kovu hili la kidole gumba. Kwa mtu mwingine haji ng'o! Jana nafungua mlango, nakuta nini? Dume jekundu, madoa ya kijani, linatamba kwenye maji yangu kama mwenye nyumba!

Redio: Kauzwa huyo. Kapanda ndege, yuko Jakarta kwa tajiri.

Kapteni: Chumvi, sema! Nilipokuomba picha ulisema simu imekufa kamera. Simu hiyo hiyo jana umempiga picha njiwa wa Redio!

Picha Chumvi alikuwa nazo. Aliogopa kuzituma, maana kila wiki samaki alikuwa akibadilika, na yeye alidhani ni ugonjwa. Kuitwa mwizi kulimuuma, lakini kuitwa mwizi na Kapteni, aliyetahiriwa naye siku moja, kulimchoma kabisa.

Chumvi: Bu, mwongeze Kapteni kahawa. Nalipa mimi.

Kapteni: Sitaki! Glasi ni hii hii.

Bu Lastri: Wale si wanaruka? Karuka, paka kamdaka.

Kapteni: Wavu nimefunika mwenyewe, Bu. Hata mbu hapiti. Na hilo jekundu liliingiaje?

Redio: Nimepata! Lilikuja yai ndani ya chumvi. Likaanguliwa, likakua, likammeza Manis mzima mzima.

Bu Lastri: Kwa mdomo ule mdogo?

Redio: Basi ni mume wake! Kamfuata kutoka baharini, kapita kwenye bomba, kamtorosha.

Bu Lastri: Kama kamtorosha, mbona yeye kabaki?

Redio: Anasubiri mizigo!

Benchi lilitikisika kwa vicheko. Chumvi alimwagikiwa kahawa gotini, akaona kwenye glasi ya Kapteni imebaki funda moja. Liwalo na liwe, akasema moyoni.

Chumvi: Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia. Ni yeye. Manis kageuka dume.

Redio akaanguka chini kabisa, miguu juu.

Redio: Bu Lastri, angalia kuku wako! Kesho watawika wote!

Chumvi: Nimeona kwa macho yangu! Madoa yalififia kwanza, halafu wekundu ukaanzia kichwani. Naapa!

Kapteni: Umeniibia, sasa unanifanya na mjinga.

Akainua glasi. Wakati huo alikuwa amesimama mwanamke pembeni, Mbak Ratih, mpangaji mpya wa nyumba ya mwisho, akingoja Bu Lastri amfungie kahawa yake kwenye mfuko wa plastiki.

Kapteni: Na halina haya, lidume lile! Jana natia mkono nisafishe kioo, likaja mbio, likaning'ata hapa hapa, kwenye kovu!

Mbak Ratih: Samahani, Cak. Kama ni mgeni, nani kamwonyesha hilo kovu?

Bu Lastri aliacha kufunga mfuko. Redio, mtu wa kujibu hata asichoulizwa, alijipangusa vumbi suruali akakaa. Kapteni aligeuza kidole gumba huku na huku, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka glasi chini na funda lake ndani, taratibu, kana kwamba itavunjika.

Kapteni: Chumvi.

Chumvi: Naam.

Kapteni: Alikuwa anakula, nilipokuwa baharini?

Chumvi: Kwangu haji. Nilikuwa namwekea chakula, nazima taa, natoka chumbani. Nikirudi nakuta kamaliza.

Kapteni alijifuta uso kwa kiganja, akasimama, akamshika Chumvi mkono kama wanavyoshikana wanaovuka barabara kuu.

Kapteni: Twende. Leo utatia mkono wako pamoja na wangu, akujue.

Walipokuwa wamefika kwenye kona, Redio akawapigia kelele.

Redio: Na hilo jina la kike je?

Kapteni: Anaitwa Manis! Na wewe koma!