Mapigo Matatu ya Kumwinua Nana

MUTUNGA: Haloo? Nani mwenzangu?

SWAFIA: Habari za mchana, mwalimu. Ni Swafia wa Kibokoni. Dadake Nana.

MUTUNGA: Swafia! Jumamosi tatu hatuwaoni huku Ganjoni. Mzima mwanakarate wangu?

SWAFIA: Mzima, alhamdulillahi. Mwalimu, salio langu dogo, wacha nikwambie —

MUTUNGA: Mlete tu. Ngoma nimeshaiondoa.

SWAFIA: Hilo ndilo —

MUTUNGA: Sasa wanarusha mateke kwa mdundo wa spika, sauti ya chini kabisa. Watoto wa usonji na kelele wapi na wapi? Siku ile Nana alivyopiga mayowe kwa lile pigo la ngoma, wazazi waliniandama. Ikabidi nimwambie Mzee Chirau, mpiga ngoma wetu, apumzike.

SWAFIA: Nilimuona. Alikuwa akiifunga ngoma yake kwa leso.

MUTUNGA: Ndiyo. Mkono wake mzito, tufanyeje.

SWAFIA: Si mkono wake.

MUTUNGA: Unakatakata!

SWAFIA: (Simu yakwaruza.) — si mkono wa Mzee Chirau! Ni mimi.

MUTUNGA: Wewe? Wewe unayekaa mwisho wa ukumbi, hata chai hunywi, unamwangalia tu?

SWAFIA: Ndiyo nikajua. Pigo moja zito, watoto wapiga magoti, watulia. Matatu mepesi, wainuka. Nana maneno yetu hayasikizi, lakini ngoma aisikiza. Nikaijaribu nyumbani, kwa ndoo.

MUTUNGA: (Acheka.) Ikakubali?

SWAFIA: Ilikubali. Siku ya kwanza mama alilia kwa furaha.

MUTUNGA: Sasa ubaya uko wapi?

SWAFIA: Jumanne, kabla ya Jumamosi ile, tulikuwa na wageni. Wanawake. Walikuja... kunitazama.

MUTUNGA: Aah, mambo ya posa! Hongera —

SWAFIA: Usinipe hongera, mwalimu. Sikutaka wamuone.

MUTUNGA: Wamuone nani?

SWAFIA: Nana.

MUTUNGA: Swafia.

SWAFIA: Nilimpandisha juu ya paa, kwenye sakafu ya kuanikia nguo. Nikapiga ndoo pigo moja, atulie. Mama nikamwambia amelala.

MUTUNGA: Saa ngapi hiyo?

SWAFIA: Adhuhuri imeshaswaliwa.

MUTUNGA: Na wageni wakaondoka —

SWAFIA: Walikula. Wakazisifu kaimati zangu. Nikawa nacheka nao.

MUTUNGA: Waliondoka saa ngapi?

SWAFIA: Alasiri yaadhiniwa.

MUTUNGA: Jua lote hilo?

SWAFIA: Nilimkuta vile vile. Magoti kwenye saruji, mikono mapajani, kama ulivyomfunza. Na kivuli kilikuwapo, mwalimu. Hatua mbili.

MUTUNGA: Mungu wangu.

SWAFIA: Magoti yalifanya malengelenge. Mama alipoyaona, kabla sijafungua mdomo, akasema ni ile mikeka yenu. Nikanyamaza. Jumamosi nikamvisha suruali ndefu yasionekane; Mzee Chirau alipopiga, ndiyo yale mayowe.

MUTUNGA: Ukanyamaza. Na mimi nikamfukuza mzee wa watu.

SWAFIA: Nisamehe —

MUTUNGA: Usiniombe mimi! (Simu yakwaruza.) Ngoja. Ulimwinuaje?

SWAFIA: Nilimvuta mkono.

MUTUNGA: Hukupiga matatu?

SWAFIA: Hata sikukumbuka.

MUTUNGA: Basi kwake lile pigo halijaisha. Yuko wapi saa hii?

SWAFIA: Hapa juu nami, twaanua nguo. Ndoo ni hii.

MUTUNGA: Piga matatu. Polepole.

SWAFIA: Naogopa.

MUTUNGA: Piga.

SWAFIA: Haya. (Ngo. Ngo. Ngo.)

MUTUNGA: Enhe?

SWAFIA: Ameziba masikio. Amejibana ukutani.

MUTUNGA: Wewe si ni mtu wa kuangalia? Mzee Chirau akitaka kupiga, huanza na nini?

SWAFIA: Hupiga magoti yeye kwanza. Awainamia watoto, ndiyo ashike ngoma.

MUTUNGA: Na wewe?

SWAFIA: ... Mimi nimesimama.

MUTUNGA: Basi.

SWAFIA: Mwalimu, saruji yachoma.

MUTUNGA: Najua.

(Simu yakwaruza. Ndoo yawekwa chini.)

SWAFIA: Nimepiga magoti. Nimeinama... Aja. Mwalimu, yuaja! Ndoo ameichukua yeye — (Ngo!)

MUTUNGA: Amepiga?

SWAFIA: Moja. Zito.

MUTUNGA: Usiinuke!

SWAFIA: Siinuki.

MUTUNGA: Anafanya nini?

SWAFIA: Amekwenda kukaa kivulini na ndoo yake. Anitazama.

MUTUNGA: Muache akutazame. Namba ya Mzee Chirau nitakutumia. Utamwambia kwa mdomo wako. Na mama pia.

SWAFIA: Mama nitamwambia leo leo. Mwalimu, salio laisha. Kwaheri, nis —

MUTUNGA: Jumamosi ngoma itakuwepo, hata ikibidi niende kumbembeleza mzee mimi mwenyewe. Swafia, hajapiga matatu?

SWAFIA: Bado. Hata mkono hajauin —

MUTUNGA: Haloo? Swafia? Haloo?