Mama Ernestine na Vibandiko Vitatu vya Lilongwe

Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, Mama Ernestine Nabintu anastaafu baada ya miaka kumi na saba katika Kituo chetu cha Usikilizaji hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Alipaswa kuondoka Desemba iliyopita. Tulishapika, tulishaimba, na Pasta alishaomba. Januari tulimkuta mlangoni asubuhi, anauliza kwa nini tumechelewa kufungua. Safari hii tunaaga kwa tahadhari.

Alitoka Bukavu, ambako alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Mwaka 2008 alianza kazi yetu ya kuwatembelea waliofiwa, wasiopata usingizi, na wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Siku zile, mfanyakazi wa kituo akionekana mlangoni kwako na karatasi zake, mtaa mzima ulisema una wazimu. Mama Ernestine akaziacha karatasi, akabeba sindano. Alibisha hodi akiomba shati lililokatika kifungo, akaketi, akashona polepole macho yakiwa kwenye kitambaa. Watu husema mengi mbele ya mtu asiyewatazama.

Tukubali ukweli: kushona hajui. Vifungo vyake vilikaa upande, na uzi wake ulikuwa mmoja tu, wa bluu, hata kwenye shati jeupe. Haikuchukua muda, watani wa bombani wakagundua. “We, uko na uzi ya bluu! Mama Ernestine alifika kwako!” wakawa wanachekana wakisubiri maji. Siri za kituo zilikuwa zinatembea vifuani mwa watu. Mwingine angeomba kubadilishiwa kazi. Yeye alinunua boksi zima la uzi wa bluu, akaanza kumshonea kila aliyemwona: Pasta, walimu wa shule, hata mkuu wa kituo, ambaye shati lake halikuwa na kasoro. Kifungo cha mkuu alikikata kwanza yeye mwenyewe. Mwezi haukuisha, uzi wa bluu ukawa hauna habari tena.

Mimi, karani wa kituo, nilitembelewa mwaka 2019, wiki ya tatu baada ya kumzika mume wangu, Vainqueur. Shati lilikuwa lake. Sote wawili tulijua kwamba hakuna wa kulivaa. Alivishona vifungo vyote, hata vilivyokuwa vizima, na hakunihimiza kusema neno. Ninalo bado.

Lakini si kila ugonjwa unatosheka na kusikilizwa, na hilo alilijua kuliko sisi. Hubert, fundi wa baiskeli, ameturuhusu tumtaje. Akipata dawa yake kila mwezi, anafanya kazi, anakula, analala. Ikikosekana, baada ya wiki chache utamkuta anatembea bila viatu kwenye barabara ya Madisi. Mwaka jana dawa zilikosekana mara tatu, na mara tatu Mama Ernestine alimfuata. Mara ya mwisho walirudi kwenye kabaza mbili, zile baiskeli za kubeba abiria, Hubert kimya kwenye baiskeli ya mbele, Mama nyuma akimfokea mwendeshaji wake kwamba anakwenda kama mtu aliyebeba mayai. Ndiyo sababu alikataa kustaafu Desemba. Alitaka kwanza dawa hizo ziingie kwenye mpango wa wilaya.

Mwezi Machi vikundi vyote viliitwa Lilongwe kuchagua vipaumbele vya afya ya akili vitakavyopelekwa kwa madiwani wa kila wilaya. Kwa wiki mbili tuliandaa orodha ya mambo saba, tukaichapa vizuri. Mama Ernestine aliisoma, akaisifu, na njiani kwenda mkutanoni, yeye na wenzake walipofika Lumbadzi, akaifungia karanga.

Ukumbini kulikuwa na karatasi kubwa ukutani: wataalamu zaidi, sheria mpya, jengo, mabango ya kuelimisha umma, dawa zisizokatika. Kila mjumbe alipewa vibandiko vitatu ili achague mambo matatu. Mama Ernestine alivibandika vyote vitatu kwenye dawa. Msimamizi, kijana mwenye adabu, akamweleza kwamba amekosea. Fabien, mwenzetu wa kituoni, alikuwa akimtafsiria, na anasema alitamani ardhi ipasuke.

“Mulinipatia tatu, nimebandika tatu. Kosa iko wapi?”

Msimamizi akauliza, basi mabango je?

“Hubert hawezi kumeza bango.”

Ukumbi ulicheka. Madeleine, muuza nyanya wa Kawale anayemuuguza dada yake, aliinuka, akabandua vibandiko vyake viwili vilivyokuwa kwenye jengo na kwenye mabango, akavihamishia kwenye dawa. Wengine wakamfuata. Dawa zikatoka za kwanza, na mwezi Juni madiwani wa wilaya yetu wakaupitisha mpango ukiwa hivyo. Kwa haki niseme kwamba mabango nayo yana kazi yake, na kwenye orodha yetu ni mimi niliyeyaandika. Mama amenisamehe, nadhani.

Mpango ni karatasi, hata hivyo. Julai dawa zilichelewa, Agosti zikaja nusu. Kila Jumatatu Mama Ernestine alipiga simu kwenye stoo ya dawa ya wilaya, na alipoambiwa bado, alisubiri kwenye simu kana kwamba zingefika wakati wanaongea. Wiki hii ameniachia namba hiyo. Hakuniandikia kwenye daftari. Ameiandika ukutani juu ya meza yangu, kwa kalamu nyekundu.

Jana nilipiga. Mfamasia alisikia sauti ngeni akauliza kama amayi, yaani Mama, anaumwa. Nikamwambia anastaafu. Akacheka, akasema zikomo, yaani asante, sijui kwa habari hiyo au kwa Mungu. Kisha akanisomea: dawa za Dzaleka, za miezi mitatu, zimeshapakiwa. Zinafika Alhamisi, tarehe 2 Oktoba.

Kwa hiyo, Mama Ernestine, Alhamisi huna kazi. Nella, mwenzetu wa kituoni, atapokea maboksi na kusaini. Hubert ameshaomba awe wa kwanza kwenye foleni. Asante kwa kila mlango uliobisha. Tunakuombea miaka mingi, magoti yasiyouma na asubuhi za kulala mpaka utakapochoka mwenyewe. Na kama kukaa nyumbani kutakushinda kabisa, njoo, lakini utaketi kwenye benchi la wageni, na chai tutakuletea sisi.