Nediljka Grubelić, Aliyefundisha Watu Kushuka Ngazi

Marehemu Nediljka Grubelić alizaliwa Jumapili tarehe 11 Machi 1956, mjini Šibenik, katika mtaa wa Gorica. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mate Baljkas, mchonga mawe, na marehemu Perina. Nyumba yao iko juu kabisa, mwisho wa ngazi za mawe, mahali ambapo hakuna gari lifikalo. Unga, mitungi ya gesi, magodoro, vyote vilifika kwa miguu ya mtu. Mama yake alikuwa akisema watoto wa Gorica hujifunza ngazi kabla ya sala.

Alisoma shule ya msingi na ya uuguzi hapa hapa Šibenik, akaenda Zagreb kusomea tiba ya viungo, na kuhitimu mwaka 1977. Kutoka huko aliandika nyumbani kwamba mji ni mzuri, ila ni tambarare mno na hakuna anayejua kuwa ana magoti.

Mwaka 1978 aliajiriwa hospitalini, akafanya kazi hadi alipostaafu mwisho wa mwaka 2016. Miaka mingi alikuwa katika chumba cha mwendo. Humo sakafuni mlikuwa na ubao unaopima uzito wa kila mkanyago, na wagonjwa walibandikwa vishanga vya kung'aa nyongani, magotini na vifundoni ili kamera zifuate mwendo wao. Aliwaambia kwamba kutembea ni kuanguka na kujidaka, hatua baada ya hatua, na kwamba ngazini goti hubeba uzito wa mwili mara tatu. Kupanda kunataka nguvu, lakini kushuka ndiko kunakoangusha watu, kwa sababu msuli wa mbele ya paja lazima uachie kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Kanuni yake ilikuwa moja: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Mgonjwa mmoja, bibi aliyevunjika nyonga, alimkatalia. "Binti, ngazi hizi nazishuka tangu wewe hujazaliwa."

"Najua, bibi. Na ndizo zilizokuleta kwangu. Haya, mguu mgonjwa kwanza."

Tarehe 26 Septemba 1981 alifunga ndoa na Šime Grubelić, seremala wa mashua, wakabaki kuishi Gorica. Walijaliwa watoto wawili, Jasenka na Roko. Kila Jumamosi waliteremka pamoja kunywa kahawa kwenye riva, kando ya maji. Šime alikuwa mwepesi wa miguu, na majirani walizoea kumsikia Nediljka akimwita kutoka nyuma, "We Šime, punguza! Bahari haihami!"

Novemba 2016 Šime alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Akiwa bado hospitalini, shemeji yake Blaž alifunga mkono wa chuma wa kushikilia kwenye ukuta wa ngazi za nje, upande wa kulia wa anayepanda, maana mkono wa kulia ndio uliobaki mzima. Ulimsaidia kufika nyumbani. Hakuna aliyefikiria kushuka. Mtu akigeuka kuelekea chini, chuma kile kiko kushotoni kwake, na upande wa pili ni milango ya watu, hapafungiki kitu.

Nediljka alijua dawa yake. Mtu wa namna hiyo hushuka kinyumenyume, uso juu, mkono mzima ukishika chuma kile kile. Šime hakukubali.

"Nishuke kinyumenyume kama kaa? Mtaa mzima unitazame?"

"Kaa anafika baharini kila siku, bwana. Wewe je?"

Vijana wa mtaa walijitolea kumbeba kwenye kiti, akawajibu kwamba yeye si sanamu ya Mtakatifu Ante ya kubebwa kwenye maandamano. Basi karibu miaka minane Nediljka alishuka peke yake. Jumamosi alirudi na kahawa ya riva ndani ya chupa.

"Imepoa," Šime angesema.

"Imepanda ngazi kwa miguu yangu. Ulitaka iwe na moto gani?"

Alichoka. Familia haioni sababu ya kulificha hilo. Machi 2023 ilibainika kuwa moyo wake una vali mbovu, na madaktari wakaona hautahimili upasuaji. Walimkataza ngazi, ila hakuziacha. Jasenka alipata nyumba ya chini karibu na soko, lakini mama yake hakukubali kuhama na kumwacha Šime juu. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Kiangazi kilichopita alimshawishi Šime ajaribu kwenye ngazi fupi ya ndani, ile ya kupandia darini, ambako hakuna wa kumwona. Nediljka aliketi chini kwenye kigoda, akivuta pumzi kwa shida, akirudia, "Kushoto kwanza. Kushoto, Šime." Ngazi za nje, Šime alisema, bado.

Nediljka alifariki kitandani kwake Jumanne asubuhi, tarehe 8 Oktoba 2024.

Mchana wa siku hiyo, wabeba jeneza walipofika kumteremsha, walimkuta Šime mlangoni amevaa suti. Blaž alimwambia kwa upole kwamba desturi ni wafiwa kufuata nyuma.

"Nikifuata nyuma nitampa mgongo," alijibu. "Nitangulie mimi."

Akashuka kinyumenyume, mkono wa kulia kwenye chuma, mguu wa kushoto kwanza, Blaž akiwa chini yake na kiganja tayari. Aliposimama kupumzika, wabebaji nao walisimama. Watu walikuwa madirishani. Toka mlangoni hadi chini barabarani alikuwa anamtazama mkewe.

Marehemu ameacha mume, Šime, watoto, Jasenka na Roko, mjukuu, Lucija, na mdogo wake, Blaž. Baada ya mazishi, Šime anawaomba nyote mfike riva kwa kahawa. Ameagiza iwe ya moto.

Miguu yake ipumzike, naye apumzike kwa amani.