Bi Ngoan Atoka Majini, Bata Mbishi Abaki

Tarehe thelathini na moja Machi, Bi Do Thi Ngoan alistaafu rasmi katika Kikundi cha Vikaragosi vya Majini cha Dong Vac, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Wengine miaka yao hupita mezani. Yake ilipita akiwa amezama hadi kiunoni kwenye bwawa la kijiji, nyuma ya pazia la mianzi, ameshika mti mrefu ambao mwishoni mwake, kule upande wa watazamaji, anaelea kikaragosi chetu, Bata Mbishi.

Aliyesoma darasa la kwanza huku kwetu hahitaji kutambulishwa kwa Bata Mbishi. Ndiye yule wa vitabu vidogo vya jalada la kijani, bata aliyekataa kufuata msururu. Mama yake akisema kulia, yeye kushoto. Ndiyo maana mbweha anapojitokeza, watoto wetu hupiga kelele: "Nenda kwa mbweha! Nenda ukaliwe!" Naye kwa ubishi wake hugeuza mkia, akapona. Mbweha huyo ni mimi, niseme mapema. Tangu nijiunge na kikundi namfukuza bata wa Bi Ngoan na sijamgusa hata unyoya, na wanangu wa kuwazaa mwenyewe walikuwa wa kwanza kunizomea.

Kazi hiyo hakupewa kirahisi. Zamani kikundi chetu hakikumfundisha mtoto wa kike. "Binti ni wa kuolewa," wazee walisema, "ataondoka na siri zetu ndani ya sanduku la nguo." Baba yake, Mzee Khoat, ndiye aliyekuwa na Bata Mbishi wakati huo, na kwa jambo hilo alikuwa mkali kuliko wote. Ngoan aliruhusiwa kuleta chai hadi mlangoni, basi. Lakini macho hayana pazia, na yule binti alileta chai nyingi mno.

Ikafika sikukuu moja baada ya mwaka mpya, manyunyu yanamwagika, baridi inang'ata. Mzee Khoat akaamka mguu umevimba, hawezi kuukanyagia. Wanaume wakamjaribu yule bata, kila mmoja kwa zamu yake, na bata akaenda kama gogo. Watoto wamekwisha kaa ukingoni, wanaita. Ngoan akavua kandambili. "Baba, nipe mimi." Mzee akamsukumia mti wa bata, akasema, "Ukiolewa nje ya kijiji, mguu huu huu mbovu utakufuata huko huko."

Sasa, desturi yetu ni kwamba kabla ya kuingia maji ya baridi mtu hunywa mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi, kikombe kidogo, mwili upate joto. Hakuna aliyemweleza kiasi. Ngoan akaliona bakuli, akadhani ni lake, akalimaliza lote. Wanaume wakaingia majini wanatetemeka meno, yeye anatoka jasho. "Haya," alisema Mzee Khoat, "huyu sasa hawezi tena kuoza." Siku hiyo Bata Mbishi alibisha kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwondoa Ngoan majini. Aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa hiyo mguu wa mzee ukapumzika.

Mengi aliyoyafanya yameandikwa kwenye nishani zilizoko ukumbini, nami sitayarudia. Ila hili siwezi kuliacha. Kuna mwaka shingo ya bata ilikatika katikati ya mchezo, kichwa kikazama. Mimi mbweha nilibaki nimeduwaa, mdomo wazi. Bi Ngoan hakupepesa. Akamzamisha bata, akamtoa mkia peke yake, akautikisa kwa hasira mpaka ngoma ya mwisho. Watoto walirudi nyumbani wakiwaeleza wazazi wao kwamba Mbishi kanuna, kwa sababu mbweha hakumwamkia. Wiki nzima watoto walinisimamisha njiani: "Mjomba, hata shikamoo imekushinda?"

Magoti ndiyo yaliyomtoa. Yanajua mvua kabla ya redio, na daktari amemwambia wazi kwamba majira mengine ya baridi majini yatamlaza kitandani. Bi Ngoan akatii, jambo lililotushangaza sote. Lakini alipomtaja wa kumrithi, ukumbi ukawaka moto. Hakumtaja mpwa wake, kama wazee walivyotarajia. Alimtaja mkwewe Mien, mke wa mwanawe, mzaliwa wa ng'ambo ya mto.

"Huyu si wa hapa!" wazee wakasema.

"Mimi nilikuwa wa hapa, mkanikataa," Bi Ngoan akajibu. "Huyu si wa hapa, mnamkataa. Semeni tu kwamba hamtaki kuona khanga za watu zikilowa."

Watu wakacheka hadi chai ikamwagika, lakini wazee walishika lao. Wakatoa sharti: Mien amchezeshe bata siku ya kumuaga mama mkwe wake. Bata akiwa hai, amchukue. Akienda kama gogo, atawekwa kwenye kabati la kioo pale ukumbini, wageni wawe wanampiga picha. Bi Ngoan alikubali, ila rangi ilimtoka. Baba yake alimwachia bata wa majini, na sasa huenda yeye akaacha pambo la kabatini.

Jumapili iliyopita, basi, tulimkalisha kwenye kigoda cha plastiki mstari wa mbele, katikati ya watoto, na karanga za kuchemsha mkononi. Ndipo ikatujia, hata sisi wenyewe tulishtuka: miaka yote ile, tangu enzi za chai ya mlangoni, hajawahi kumwona Bata Mbishi akicheza kutoka mbele. Alizoea mgongo wake. Bata alipochungulia chini ya pazia na kukataa msururu, nilimwona kupitia mianzi Bi Ngoan akiweka mkono kinywani. "Kumbe ana jicho la namna hiyo!" alisema. Msichana aliyekaa kando yake, ambaye hakumjua hata kidogo, akamtuliza: "Usiogope, bibi. Ni mbishi lakini hana tabia mbaya."

Nikamtoa mbweha wangu. Huku nyuma ya mianzi nilimwona Mien ameinamisha kichwa, mti ameukumbatia kifuani. Bata akasimama. Nikamsogeza mbweha polepole, polepole zaidi, nikimpa nafasi. Bata hakujongea. Watoto wakapiga kelele, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Katika kimya kile niliwasikia wazee wakikohoa kikohozi cha "tuliwaambia". Wallahi nilitamani mti wangu uvunjike.

Kigoda kikaanguka. Bi Ngoan alikuwa amesimama kwa magoti yale yale, karanga zimemwagika, anapiga kelele kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto: "We Mbishi! Nenda kwa mbweha! Nenda ukaliwe, mimi nakuamuru!"

Mien akainua kichwa. Bata akageuka taratibu, akamtazama aliyemwamuru, akautikisa mkia, akamrushia maji usoni. Kisha huyoo, mbio upande wa pili, na watoto wote wamesimama. Hata wazee walisimama.

Bi Ngoan alikaa chini akiwa chapachapa, analia na kucheka kwa pamoja. Yule msichana akampigapiga begani. "Umejifunza haraka, bibi. Lakini hata wewe hakusikii."

"Hata mimi hanisikii," alisema Bi Ngoan, na sijawahi kumwona mtu akiwa na furaha namna ile.

Bi Ngoan, kikundi kizima kinakushukuru, na Mzee Khoat huko aliko najua anacheka. Nenda ukakaushe miguu, ukae jikoni kwenye moto, ule wali wa kunata ukiwa bado wa moto. Mchuzi wa samaki tumekuwekea bakuli zima, lako peke yako. Kigoda chako kiko pale pale mstari wa mbele, tumekiandika jina. Njoo umwamuru bata kila Jumapili, naye, Mungu akipenda, asikutii kamwe.

Bui Dinh Kha,
mbweha